Kibarua cha Usingizini

Nilipokuwa bado nalala mkeka mmoja na bibi yangu, kule Ruangwa, kwenye kijiji kimoja cha njia ya Nandagala, nililimishwa usiku. Ndivyo ilivyosemwa. Mtu wa kwetu hahitaji maelezo zaidi, lakini wewe uliyekulia kwingine nikuambie: mchawi wa kusini hana haja ya kupanda ungo na kuzurura angani kama mnavyosimuliwa huko kwenu. Yeye ni mkulima. Anakuchukua umelala, anakupeleka shambani kwake, unampigia kazi, kisha anakurudisha mkekani bila wewe mwenyewe kujua. Unaamka mwili unauma, umechoka kuliko ulivyolala. Kwa hiyo ukiona mtu ana shamba safi, hana watoto wa kumsaidia wala uwezo wa kuweka vibarua, ujue majirani wameshaanza kutazamana.

Sasa mimi ni mtu mzima, fundi cherehani hapa Nachingwea, na kibanda changu kiko jirani na soko. Shule zikikaribia kufunguliwa nashinda na sare za watoto tangu asubuhi, na nikifumba macho tu, cherehani inaendelea. Mume wangu analalamika kwamba miguu yangu inamkanyaga kama kanyagio, eti iko siku ataamka ameshonewa mfuko mgongoni. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba fundi wa kibanda cha pili ananishonesha usiku. Cherehani haina uchawi, sijui kwa nini. Jembe ndilo lenye uchawi.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori, leo yuko huku kesho kule, na mama alimfuata. Mimi wakaniacha kwa Bibi, mama yake baba, ili nisome mahali pamoja. Uani kwetu kulikuwa na nyumba mbili. Moja ya Bibi, nyingine ya Shangazi Fatu, dada yake baba, ambaye mumewe alikwenda kutafuta maisha na akawa bado anayatafuta. Shangazi alinipenda mno. Alikuwa amempoteza mtoto wake wa kiume kwa homa isiyojulikana chanzo chake, na tangu hapo nikikohoa mara moja yeye anakuja na shuka.

Shamba letu la mikorosho lilipakana na la Bi Rosalina. Huyu alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, alivuka Ruvuma akiwa msichana, akaolewa kwetu, mume akafa, watoto wakatawanyika mijini, yeye akabaki na mikorosho yake. Alikuwa na chale usoni, zile za zamani, mistari iliyovunjika-vunjika kuanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni, na sisi watoto tulizitazama tukidhani zinatembea. Na mikorosho yake ilizaa, jamani! Ya watu wengine maua yanapigwa na ule ugonjwa wa unga, yanakauka yakiwa mtini, ya kwake yanazaa mpaka matawi yanainama. Ya Shangazi Fatu mwaka ule ndiyo yaliyokauka kuliko yote.

Siri ya Bi Rosalina haikuwa siri. Alipogolea matawi. Alipalilia kila shina. Wakati wa maua aliamka kabla umande haujakauka, akajifunga bomba la salfa mgongoni na kuipuliza hadi akapotea ndani ya wingu la njano, kisha ukamwona anatoka huko anapiga chafya. Wapita njia wote walimwona. Yaani unamwona mtu kwa macho yako mawili anafanya kazi, halafu unarudi nyumbani unauliza, hivi huyu kazi zake nani anamfanyia? Binadamu!

Na alikuwa mtani wa Bibi. Sisi Wamwera na Wamakonde ni watani, na hawa wawili waliufanya utani kama swala, haukosi. Asubuhi Bi Rosalina akipita na jembe, anasimama kwenye ua wetu.

"Mmwera, bado hujafa tu?"

"Nakusubiri wewe utangulie," Bibi anajibu, hata hainui kichwa kwenye ufagio, "nije nile wali wa matanga."

"Wali wangu hutaupata. Nitakufa mwezi wa Ramadhani, mchana."

Basi, wanacheka, anaendelea na safari. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani, 's' yote inakuwa 'ch', nasi watoto tulimwigiza tukicheka mpaka tunakaa chini. Bibi alituonya kwamba utani una wenyewe, asiye na umri wa utani huyo ni mtovu wa adabu tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kuokota korosho, kilele cha msimu, jua la kupasua kichwa. Niliokota tangu nilipotoka shule hadi giza lilipoanza. Aliyewahi kuokota korosho anaijua kazi ile: unainama, unaokota, unaichomoa kwenye bibo, lile tunda lake, unatupa kwenye ndoo, unainama tena. Mafuta ya ganda yanakuchoma vidole hadi vinakuwa vyeusi, na utomvu wa mabibo unaingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo inachakaa. Usiku ule nilisinzia na tonge mkononi. Bibi akaninyanyua, akanitupa mkekani na mikono yangu ileile.

Nikaota naokota korosho. Hapo cha ajabu ni nini? Ila niliokota kwenye mikorosho ya Bi Rosalina, na Bi Rosalina mwenyewe amesimama juu yangu anasema okota, okota. Ndoo nikiijaza inakuwa tupu. Ndoto iliendelea na mambo mengine, nitayasema. Halafu nikaamka, au nilidhani nimeamka, maana kuku walikuwa wanalia, nasikia ufagio wa Bibi nje, naona mwanga kwenye ufa wa mlango. Nikataka kuinuka. Mwili haupo. Mkono hauinuki, mdomo haufunguki, kitu kizito kimenikalia kifuani, na pale mlangoni kuna mtu amesimama. Simwoni sura. Najua tu kwamba ananitazama na kwamba amenijia mimi. Sijawahi kuogopa vile tena maishani mwangu, na nimezaa watoto.

Kisha kidole kimoja kikacheza, na mwili wote ukafunguka kwa mkupuo. Nikapiga kelele ya kuamsha mtaa.

Bibi aliingia na ufagio mkononi. Nikamsimulia, nikaanza na Bi Rosalina na ndoo, nikamalizia na mtu wa mlangoni. Bibi akanifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Ulilala chali," akasema. "Nimekwambia mara ngapi usilale chali? Hilo ni jinamizi. Geuka ubavu, soma Ayatul Kursiyu, litakwenda kwa wenzako."

Na pengine mambo yangeishia hapo, lakini Shangazi Fatu alikuwa mlangoni, amekuja kuomba kaa la moto, na alisikia. Alinishika mikono akaigeuza viganja juu. Vidole vyeusi, kucha zimejaa uchafu.

"Mama," akamwambia Bibi, "wewe unaona mikono hii imelala?"

"Hakunawa jana."

"Mama! Mtoto anakwambia ameamshwa akaokota korosho za yule, mikono hii hapa, na mtu kasimama mlangoni anamrudisha. Unataka nini tena? Unataka mpaka afe kama wangu?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ndoto yangu imeacha kuwa yangu. Shangazi hakuwa mwongo, hilo naliapia. Aliogopa kwelikweli, na mtu aliyezika mtoto bila kujua kilichomuua, ukimpa mkosaji, anamshika kwa mikono miwili.

Kufika jioni kijiji kizima kinalo. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Na mimi sasa nilikuwa naogopa kulala, na mtoto anayeogopa kulala analala vibaya. Kwa hiyo jinamizi likaja tena, na kila likija Shangazi anakusanya habari. Watu wengine nao wakaanza kukumbuka. Mama mmoja akasema na yeye huamka mabega yanauma. Mzee mmoja akasema kiuno chake ndiyo maana hakiponi, kiuno ambacho tangu nizaliwe kilikuwa kinauma na kila mtu alijua kiliumizwa na baiskeli.

Likatoka shauri kwamba aitwe mganga wa kunyoa. Ni desturi ya huku, au niseme ilikuwa, maana sina hakika kama imekwisha. Anayetuhumiwa anakalishwa mbele za watu, ananyolewa kichwa chote na kupakwa dawa, eti nguvu zimwishe. Hafukuzwi na mtu baada ya hapo. Anajifukuza mwenyewe, maana nani atamwomba chumvi, nani atakula chakula chake, na kwenye msiba atakaa upande gani? Bi Rosalina hakuwa na kwao kwingine. Watoto walikuwa mbali, na Msumbiji aliyoiacha ilishamsahau. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba nikiota tena mtu atapoteza nyumba.

Kilichoniumiza zaidi si maneno ya watu. Ni ua wetu asubuhi. Bi Rosalina alipita na jembe kama kawaida, akapunguza mwendo, akatazama. Bibi alikuwa anafagia. Hakumwuliza kama bado hajafa, wala Bibi hakumwambia atangulie. Bi Rosalina akaendelea na njia, na Bibi akafagia mahali pale pale mpaka udongo ukachimbika. Alikuwa amebanwa katikati: huku binti yake wa kumzaa, kule mtani wake. Siku zikapita ua uko kimya, na mimi nikatamani hata watukanane.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mtu wa kupenda amani na wa kuchelewa kila mahali. Kabla ya mganga kuitwa aliita kikao nyumbani kwake, baada ya swala ya alasiri, ili mambo yasemwe kwa utaratibu. Watu wakajaa. Wanaume kwenye viti na magogo, wanawake kwenye mikeka, na Bi Rosalina akakaa kwenye kigoda peke yake, katikati kabisa, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu.

Shangazi alisema yake. Alisema vizuri, alilia, na wengine walilia naye. Kisha Mwenyekiti akaniita.

"Somoe, njoo hapa mama. Usiogope. Hebu tuambie uliota nini."

Nikasema. Nipo kwenye mikorosho ya Bi Rosalina, naokota, amesimama juu yangu, ananiambia okota, okota. Ndoo inakuwa tupu. Niliposema hivyo tu watu wakaguna, sauti moja ikasema "mnasikia?" na nyingine ikasema "mtoto hadanganyi." Mwenyekiti akatikisa kichwa akaniambia inatosha, nikakae. Kila mara walikuwa wananikatisha palepale.

Ndipo Bi Rosalina alipoinua uso. Hakumtazama Mwenyekiti wala Shangazi. Alimtazama Bibi, ng'ambo ya mikeka yote ile.

"Mmwera," akasema. "Nachikia mjukuu wako ananifanyia kazi uchiku. Mbona korocho zenyewe chizioni? Umemfundicha wizi?"

Mungu wangu! Mtu anatuhumiwa uchawi, halafu analeta utani? Lakini mimi nilimwona mkono, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kigoda. Hakuwa anachekesha. Alikuwa anauliza swali, na swali lilikuwa la mtu mmoja tu. Ukimjibu mtani wako umekubali kwamba bado ni mtani wako. Ukinyamaza, umeshamnyoa.

Shangazi Fatu alimshika Bibi mkono. "Mama, usimjibu."

Bibi aliutazama ule mkono wa binti yake kwa muda, akaupapasa, akautoa polepole. Kisha akasimama.

"Mmakonde mchoyo wewe!" akapaza sauti. "Unamchukua mjukuu wangu usiku kucha, hata uji humpi, halafu unamdai korosho? Kibarua gani huyo anayefanya kazi na njaa? Ndiyo maana nyie mlifukuzwa na mbu wa Ruvuma!"

Watu walipasuka. Nasema walipasuka, kile kicheko kilikuwa kimebanwa siku nyingi, kikatoka na machozi. Hata yule mzee wa kiuno alijipiga mapaja. Bi Rosalina alifunika mdomo kwa kanga na mabega yakamtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Nadhani vyote.

Bibi akanigeukia, bado kasimama. "Haya, Somoe. Wewe ndiye shahidi wetu. Alikupa nini ukala huko? Sema ndoto yote, mwanzo mpaka mwisho. Wasikukatishe."

"Yeye hakunipa kitu," nikasema. "Alikuja Mwenyekiti na sinia la wali kichwani. Alikuwa amevaa kanga yako, Bibi."

"Mimi?" Mwenyekiti akauliza. "Kanga?"

"Ile ya njano."

Kicheko kikaanza upya. Bibi akasema, "Halafu?"

"Halafu akaja Babu na mizani." Babu alikuwa ameshafariki, kila mtu alijua. "Akasema korosho zangu mbichi, nizirudishe mtini."

"Ni yeye huyo," Bibi akasema, na akafuta macho. "Alikuwa hivyohivyo. Halafu?"

Niliijua sehemu iliyofuata, na Shangazi Fatu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, macho yamevimba kwa kilio, mtu aliyenifunika shuka kila nilipokohoa. Nilimpenda. Nikamtazama Bi Rosalina, chale zake zimetulia, ananisubiri kama anavyosubiriwa hakimu. Nikasema nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Halafu Bi Rosalina akageuka, akawa Shangazi. Shangazi ndiye aliyeendelea kusema okota, okota, mpaka nikaamka."

Shangazi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mimi? Mimi nimlimishe mtoto wa kaka yangu? Jamani, mtoto ameota tu! Hiyo ni ndoto! Ndoto nayo ni kitu cha..."

Hakumaliza. Alijisikia mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi, na watu wote walikuwa wamemgeukia, wengine tayari wanamtazama kwa yale macho waliyokuwa wakimtazamia Bi Rosalina. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko jinamizi lenyewe, jinsi macho yanavyohama upesi.

Bi Rosalina akasema taratibu, bila utani wowote, "Ndiyo, mwanangu. Ndoto tu."

Yule mzee wa kiuno hakuridhika. Alitaka mganga aje hata hivyo, kwa usalama. Mwenyekiti akamuuliza: "Aje amnyoe nani? Mtoto kamtaja huyu, kamtaja Fatu, kamtaja marehemu, na mimi kanivisha kanga. Tukiendelea nitapakwa na hina. Kikao kimefungwa, nendeni mkaokote korosho zenu." Watu wakatawanyika wakinicheka mimi na kumcheka yeye, na kwa miaka mingi aliitwa Mama Kanga, naye akaitika.

Asubuhi iliyofuata niliamka kwa sauti nje: "Mmwera, bado hujafa tu?" Nikavuta shuka nikalala tena, kwa ubavu, usingizi mzito wa mtoto. Jinamizi lilikuja mara mojamoja baadaye, lakini sasa lilikuja kama mgeni asiye na habari.

Bibi hakuniachia hapo. "Mchawi mpe mwana kulea," akasema, na kuanzia wiki ile nikawa nakwenda kwa Bi Rosalina mchana kweupe, nikaokota naye kwa macho yangu yote mawili. Alinipa uji, tena wenye karanga, na kila bakuli alihakikisha Bibi ameliona. Shangazi Fatu alininunia kidogo, kisha akachoka. Maua ya msimu uliofuata yalipotoka, asubuhi moja tulisikia mngurumo wa bomba kwenye mikorosho ya Shangazi. Bi Rosalina alikuwa ndani ya wingu la salfa, hajaitwa na mtu. Shangazi alisimama mlangoni muda mrefu. Hakutoka. Lakini alikoka moto akapika muhogo, akanituma: "Mpelekee mtani wa bibi yako kabla haujapoa." Msimu ule mikorosho yake ilizaa.

Nilikuja kuelewa jinamizi ni nini nikiwa na futi ya kupimia mkononi. Mteja wangu mmoja ni muuguzi, alikuja kubana gauni lake la kazi, tukapiga soga, nikamsimulia. Hakunicheka. Alisema usingizini ubongo haulali kama tunavyodhani, unapitia mambo ya mchana, unayarudia, unayachanganya ya leo na ya zamani, ndiyo maana marehemu anakuja na mizani na mwenyekiti anavaa kanga. Na wakati wa ndoto unaufungia mwili kwa makusudi, ili usije ukaamka ukapiga mateke na kukimbia kweli. Mara nyingine macho yanafunguka kabla kufuli halijatoka. Hasa kwa mtu aliyechoka sana, aliyelala vibaya, au aliyelala chali. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amepatia hapo bila kusoma popote.

"Na mtu wa mlangoni?" nikamuuliza.

"Ubongo ukiuita mwili na mwili usiitike, unaogopa. Ukiogopa unatafuta cha kuogopa. Usipokiona, unakitengeneza."

"Na sura anaitoa wapi?"

Akacheka. "Anaitoa kwenu. Anavaa ile mnayoiogopa."

Nimelifikiria sana hilo. Mlangoni hapakuwa na sura, nakumbuka vizuri. Sura tulimpa sisi, tena mchana, tukiwa macho.

Ruangwa naenda kila nikipata nafasi, barabara siku hizi si mbaya. Bibi alishatangulia, na ule wali wa matanga akaula mwenzake. Bi Rosalina yupo, mzee sana, anakaa uani kwa Shangazi Fatu, kwenye nyumba ya Bibi, maana miguu imekataa kumpeleka shambani. Wawili hao wanagombana kutwa kuhusu chumvi. Mara ya mwisho nilimkuta barazani anaota jua, nikakaa miguuni pake, na katika kuzungumza hili na lile nikamwambia kwamba ile ndoto yangu nimeielewa sasa, nikamweleza na mambo ya kufuli. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nilikuwa naota," akasema.

"Lini, Bibi?"

"Chiku zilezile. Naota nimekalichwa kwenye kigoda, nanyolewa. Nataka kuinuka, mwili hauinuki. Nikiamka najichika kichwa kwanza, nione kama nywele zipo. Kila uchiku, mpaka chiku ya kikao."

Miaka yote nilikuwa nimeihesabu ile hofu kuwa yangu. Kumbe upande wa pili wa mpaka wa shamba, saa zilezile, kulikuwa na mtu mzima amelala chali anatazama mlango, haiwezi mikono yake, naye mtu aliyesimama mlangoni kwake ni sisi. Kijiji kizima kilikesha kikijadili ndoto ya mtoto, na hakuna aliyemuuliza mwanamke yule yeye anaota nini.

Nikamshika mkono, nikamuuliza sasa, nikiwa nimechelewa hivyo. "Na siku hizi, Bibi, unaota nini?"

Akafikiri. Ndani, Shangazi Fatu alikuwa anamwita aje kula kabla chakula hakijapoa, akisema kwamba hatarudia kumwita.

"Chiku hizi," Bi Rosalina akasema, akinyoosha mkono nimwinue, "nalala tu."